Maumivu baada ya upasuaji wa uzazi: Dawa moja haitoshi

UKIPITIA wadi ya kina mama waliojifungua kwa upasuaji mwendo wa saa nne usiku, katika hospitali zetu nyingi utakuta hali ambayo imezoeleka mno hata haimshangazi mtu. Mama aliyepasuliwa adhuhuri amelala chali, ameuma meno, mtoto analia kando yake na yeye hathubutu kugeuka ili amnyonyeshe. Ganzi aliyodungwa mgongoni imekwisha. Sindano aliyochomwa alipotolewa chumba cha upasuaji nayo imekwisha. Katika faili yake pameandikwa kwamba apewe dawa ya maumivu "akihitaji". Yeye hajui kwamba ameandikiwa hivyo, muuguzi wa zamu ana wadi nzima ya kuangalia, na usiku ni mrefu.

Nimefanya kazi ya udaktari katika maeneo ya Meru na Embu kwa miaka mingi, na maoni yangu ni kwamba neno hilo moja, "akihitaji", huwatesa kina mama wetu kuliko uhaba wa dawa. Dawa zinazofaa zipo. Ni za bei nafuu, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO), na nyingine huuzwa hata katika maduka ya vijijini. Kinachokosekana ni kuzitoa mbili kwa pamoja, kwa kufuata saa, kabla mama hajaanza kulia.

Jambo hili si dogo kama linavyoweza kuonekana. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba takriban asilimia 9 ya watoto nchini walizaliwa kwa upasuaji. Uchunguzi uliofuata, wa mwaka 2022, ulionyesha kuwa kiwango hicho kimepanda sana. Bila shaka wewe mwenyewe unayesoma ukurasa huu unamfahamu dada, mke, shemeji au jirani aliyejifungua kwa njia hiyo. Muulize anachokumbuka zaidi. Wengi hawatakutajia kisu, kwa sababu wakati wa kisu walikuwa wamekufa ganzi. Watakutajia usiku wa kwanza, na siku ya kwanza waliyoambiwa wasimame.

Ili kuelewa kwa nini dawa moja haitoshi, ni vyema kujua maumivu haya yanatoka wapi. Hayana chanzo kimoja. Kuna jeraha lenyewe, yaani ngozi, nyama na mji wa uzazi vilivyokatwa na kushonwa. Sehemu hizo zikishakatwa, mwili humwaga kemikali zinazoleta uvimbe na kuzifanya neva za hapo ziwe nyepesi kuhisi, hata mguso mdogo wa shuka uume. Halafu kuna mji wa uzazi unaojikunja kurudi katika ukubwa wake wa kawaida. Kujikunja huko huzidi mtoto anaponyonya, na ndiyo maana kina mama wengine husema kwamba titi likinyonywa, tumbo hukatika. Wenye watoto wawili au watatu hulisikia zaidi kuliko mwenye mtoto wa kwanza. Mwisho kuna gesi inayokwama tumboni kwa kuwa utumbo umelala baada ya upasuaji. Hiyo huuma hadi mabegani kwa baadhi ya watu, wakadhani ni moyo.

Parasetamoli, ambayo wengi wetu tunaiita Panadol hata kama si Panadol, hufanya kazi yake zaidi katika ubongo na uti wa mgongo. Ibuprofeni na diklofenaki hufanya kazi kwenye jeraha lenyewe na kwenye mji wa uzazi, kwa kuzuia zile kemikali za uvimbe zisitengenezwe. Basi ukimpa mama parasetamoli pekee, umefunga mlango mmoja na kuacha mwingine wazi. Ukimpa zote mbili, kila moja hufanya kazi yake, na nafuu anayoipata huwa kubwa kuliko ambayo angepata kwa moja. Zaidi ya hayo, haja yake ya dawa kali za jamii ya mofini hupungua sana, na madhara ya dawa hizo kali, kama vile kutapika, usingizi mzito, kujikuna na choo kufunga, hupungua pia. Hii ndiyo njia ambayo miongozo ya madaktari wa ganzi na wa uzazi duniani inaipendekeza leo kuwa msingi wa matibabu.

Watu huniuliza, "Daktari, si hatari kumeza dawa mbili za maumivu kwa wakati mmoja?" Si hatari, mradi ni dawa za jamii mbili tofauti. Hatari ni kumeza mbili za jamii moja. Ibuprofeni na diklofenaki ni ndugu wa tumbo moja, kwa hivyo anayemeza diklofenaki asiongeze ibuprofeni juu yake. Na hapa ningependa kuwatahadharisha wasomaji kuhusu vile vidonge vinavyouzwa sana katika maduka yetu ya dawa, ambavyo kimoja kina diklofenaki na parasetamoli ndani yake. Mama akipewa hivyo, kisha akaongeza parasetamoli nyingine nyumbani kwa sababu hakusoma karatasi, amepitisha kipimo bila kujua, na parasetamoli ikizidi huharibu ini. Soma jina la dawa yenyewe, lile lililoandikwa kwa herufi ndogo. Usisome jina la biashara peke yake.

Kipimo cha kawaida kwa mtu mzima mwenye uzani wa kilo 50 au zaidi ni parasetamoli gramu moja, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa sita, bila kuzidisha gramu nne kwa siku. Ibuprofeni ni miligramu 400 kila baada ya saa nane, pamoja na chakula. Kwa saa zetu, hiyo ni parasetamoli saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni na saa sita usiku. Ibuprofeni saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku. Hapa sina budi kuisifu desturi ya nyanya zetu ya kumjazia mzazi uji na njahi tangu siku ya kwanza, kwani bakuli la uji kabla ya ibuprofeni hulikinga tumbo vizuri. Mama akiendelea hivyo kwa siku tatu hadi tano mfululizo, awe anaumwa au haumwi, ndipo aanze kupunguza.

Narudia, awe anaumwa au haumwi. Hapo ndipo tunapokosea wengi. Tumezoea kwamba dawa ya maumivu humezwa maumivu yakija, kama vile mtu hununua mwavuli mvua ikishaanza kumnyeshea. Lakini maumivu yakishapanda, neva zimekwisha kuchokozwa, na hata dawa kali huchukua muda kuyashusha. Dawa ile ile ikitolewa mapema, pengine hata kabla ganzi ya mgongoni haijaisha, huyazuia yasipande. Ganzi hiyo ya kawaida hudumu saa mbili hadi nne hivi. Kwa hivyo mama aliyepasuliwa saa sita mchana anapaswa kuwa amepewa dawa zake za kwanza kabla ya saa tisa alasiri, wala asisubiri hadi saa nne usiku.

Najua kina mama wengi hukataa dawa kwa ajili ya mtoto. Huogopa zitaingia katika maziwa. Hofu hii ni ya mapenzi na sipendi idharauliwe. Ukweli ni kwamba parasetamoli na ibuprofeni huingia katika maziwa kwa kiasi kidogo sana, kidogo kuliko kile ambacho mtoto mwenyewe angepewa akiwa na homa. Mama anayeumwa ndiye ambaye hupata shida kunyonyesha, kwa kuwa hawezi kukaa, hawezi kumgeuza mtoto, na maziwa yenyewe huchelewa kutoka. Kinachofaa kuepukwa ni aspirini, na baadhi ya vidonge vya kichwa vinavyouzwa madukani vina aspirini ndani yake. Kodeini pia haifai. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba wanaonyonyesha wasitumie kodeini wala tramadoli, kwa sababu kuna watu ambao miili yao huzigeuza dawa hizo haraka mno kuwa kali zaidi, na mtoto anaweza kulegea na kushindwa kupumua vizuri. Urithi huo wa mwili hupatikana kwa wingi nchini Ethiopia, majirani zetu wa kaskazini. Kuhusu tramadoli wataalamu wa nchi mbalimbali hawajakubaliana, na hospitali nyingi bado huitumia kwa siku chache. Mimi ningeiweka akiba, itolewe hospitalini ambako mtoto anaonekana, wala isifungwe kwa karatasi kupelekwa nyumbani.

Si kila mama anafaa kupewa ibuprofeni au diklofenaki. Aliye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayochokozwa na dawa za aina hiyo aseme mapema. Vivyo hivyo aliyevuja damu nyingi sana, au aliyekuwa na kifafa cha uzazi na vipimo vya figo au vya damu vikaonyesha kasoro, huyo daktari wake ndiye wa kuamua. Presha peke yake si sababu ya kumnyima, ingawa ni lazima ipimwe.

Na itakuwaje kwa yule ambaye dawa hizi mbili hazimtoshi? Watakuwapo. Kwao kuna mofini, na hapa ndipo woga wetu ulipojificha. Watu wa Meru huijua mofini kupitia Meru Hospice, ambako wagonjwa wa saratani hupewa ya maji, na kwa sababu hiyo wengi huamini kwamba ni dawa ya mtu anayekufa. Hata wahudumu wa afya wengine huiogopa. Sheria ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya inaitaka ifungiwe na kuandikwa kila tone, jambo ambalo ni la haki, lakini kufungiwa kwa kufuli hakumaanishi kutotolewa kabisa. Majirani zetu wa Uganda walilitatua jambo hili zamani. Hospice Africa Uganda, aliyoianzisha Dkt Anne Merriman mwaka 1993 baada ya kufanya kazi Nairobi, ilichangia nchi hiyo kufikia hatua ya kuwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini kuanzia mwaka 2004. Ikiwa muuguzi wa kijijini Uganda anaweza kuaminiwa nayo, daktari wa hospitali yetu ya rufaa anaweza.

Mofini pia inaweza kuchanganywa, kwa kiasi kidogo mno cha mikrogramu 100 hadi 150, katika ile ile sindano ya ganzi ya mgongoni, na nafuu yake ikafika saa kumi na mbili hata siku nzima. Lazima iwe ile isiyotiwa kihifadhi, na mama aangaliwe kupumua kwake kwa siku hiyo. Mahali ambapo haipatikani, daktari anaweza kudunga ganzi kwenye kingo za jeraha, au kwenye ukuta wa tumbo, kabla ya kumaliza. Chupa ya ganzi ni ya bei ndogo, na kazi hiyo huchukua dakika chache. Pethidini, ambayo wengi wetu tulifundishwa kuitumia, haimo katika orodha ya WHO. Hudumu muda mfupi na humlaza mtoto usingizi. Ni wakati wa kuiaga.

Kuna mtu atakayesema kwamba haya ni mambo ya Wazungu na kwamba mama wa Kiafrika ni mvumilivu. Nilidhani hoja hii imekwisha, lakini bado naisikia, na mara nyingi hutoka kwa mama mkwe aliyesimama kando ya kitanda. Sisi tuliolelewa katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya tulifunzwa kuvumilia. Kijana akitahiriwa hakutakiwa kupepesa jicho, na mama akiwa na uchungu hakutakiwa kupiga kelele hata majirani wakasikia. Aliyepasuliwa ana mzigo wa pili, kwani wapo wanaomwambia kwamba hakuzaa, alizalishwa. Basi hunyamaza ili athibitishe kwamba naye ni mwanamke. Muuguzi akipita na kuuliza, "Mama, uko sawa?" hujibu kwamba yuko sawa. Ndiyo maana swali hilo halifai. Afadhali aulizwe kama anaweza kukohoa, kama anaweza kugeuka ubavu, kama ameamka kwenda msalani. Majibu ya hayo hayafichiki.

Tena hoja yenyewe si ya kweli. Mwaka 1879 daktari wa Uingereza, Robert Felkin, alishuhudia mganga wa Bunyoro, katika Uganda ya leo, akimpasua mwanamke na kumtoa mtoto. Kabla ya kushika kisu, mganga huyo alimlevya mama kwa pombe ya ndizi, na kwa pombe hiyo hiyo akaosha mikono yake na tumbo la mgonjwa. Mama na mtoto walipona. Felkin aliyachapisha hayo mwaka 1884. Mganga huyo hakuambiwa na Mzungu kwamba maumivu yanafaa kutulizwa, alijua.

Uvumilivu wa maumivu una gharama. Mama asiyeamka hukaa kitandani, damu huganda katika mishipa ya miguu, na donge likipanda hadi mapafuni linaweza kumuua. Asiyevuta pumzi kwa kina wala kukohoa huweza kupata nimonia. Wapo pia ambao maumivu makali ya siku za kwanza hugeuka kuwa maumivu ya miezi mingi kwenye mshono, na wengine huingiwa na huzuni ambayo familia huiita kiburi au uvivu.

Nchini Marekani kosa lilikuwa kinyume cha letu. Huko kina mama walirudishwa nyumbani na vidonge vingi vya jamii ya mofini, vingine vikabaki kabatini na kuishia mikononi mwa watu wasiohusika. Sasa wanarudi kwenye parasetamoli na ibuprofeni kwa saa. Wao wanatoka juu wakishuka, sisi tunatoka chini tukipanda, na tunaweza kukutana mahali pamoja.

Suala la fedha halina budi kutajwa. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF, hospitali hulipwa kiasi kimoja kwa kila upasuaji wa uzazi. Katika viwango vilivyotangazwa mwaka huo kilikuwa Sh30,000. Dawa za maumivu zimo humo. Kwa hivyo familia isitumwe nje kununua parasetamoli, na ikitumwa, iulize sababu. Kipengele cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachowezekana, ikiwemo afya ya uzazi, na sioni haki hiyo ikikomea mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Wauguzi wetu nawatetea. Muuguzi wa usiku hawezi kumfikia kila mama saa sita kamili. Lakini vidonge si sindano. Mama aliye macho, anayekunywa na asiyetapika anaweza kuachiwa vidonge vyake vya usiku vikiwa vimeandikwa saa, na mume au dada yake akaelezwa. Wapo watakaosema atavipoteza au atavimeza vyote. Mama huyu ndiye tutakayemkabidhi mtoto mchanga kesho kutwa aende naye nyumbani.

Kwa hivyo, msomaji, ikiwa mkeo au dada yako amepangiwa upasuaji, muulize daktari siku iliyotangulia: atapewa dawa gani za maumivu, mbili zipi, na ya kwanza saa ngapi? Siku ya kuruhusiwa kutoka msiondoke bila karatasi iliyoandikwa dawa zote mbili za siku kadhaa zijazo. Safari ya kutoka Embu kwenda Kiritiri au Ishiara, au kutoka Meru hadi Igembe, ina matuta yasiyohesabika, na bodaboda haimfai kabisa. Amwe dawa zake nusu saa au saa moja kabla ya kuondoka, akae kiti cha mbele cha gari, na ashike mto mdogo au leso iliyokunjwa juu ya mshono, aikaze gari linapopita tuta na anapotaka kukohoa au kucheka.

Akifika nyumbani, maumivu yanapaswa kupungua siku hadi siku. Yakigeuka na kuzidi siku ya tatu au ya nne, au akapata homa, usaha au harufu mbaya, mguu mmoja ukavimba, kifua kikabana, au kichwa kikauma sana huku macho yakiona ukungu, asiongezewe kidonge. Arudishwe hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.